Mtoto Aliyemsubiri Mjomba

Watu wa Fatubena, kijiji kilichojibana kwenye mteremko wa milima ya Mollo, kisiwani Timor, walikuwa wakisema kwamba Obed Taneo akiamua kunena, hata ng'ombe aliyekata kamba atarudi zizini kwa hiari yake. Hakuwa tajiri. Alikuwa na machenza yake, mahindi yake na nguruwe wa kutosha kujibu mwaliko wa arusi. Mkewe, Dorkas, hakumzalia mtoto, na watu walikwisha kuchoka kulizungumza jambo hilo. Lakini palipohitajika maneno ya kimila, yale yanayokwenda mawili mawili kama miguu ya mtu atembeaye, Obed ndiye aliyeitwa. Aliyasema bila kujikwaa, na wazee waliomzidi umri walikaa kimya wakimsikiliza.

Dada yake, Welmince, au Mince kwa kifupi, alikuwa ndiye mtoto wake, tukitaka kusema kweli. Baba yao alikufa kwa homa, na mama yao hakukawia kumfuata. Mince alikuwa bado anajifunza kusimama. Obed, ambaye ndevu zilikuwa hazijamwota, alimfunga mgongoni kwa shuka la kufuma na kwenda naye shambani. Wanawake walimcheka njiani.

"Obed, lini utaanza kunyonyesha?"

"Nikikosa uji wa mahindi, mama, nitakuja kwako!" aliwajibu, nao wakacheka zaidi. Ulimi ulikuwa umekwisha kumtoa kwenye aibu nyingi tangu wakati ule.

Mince alipomaliza shule ya kati, Simson Tunliu alileta posa. Dorkas alisema msichana bado mdogo, angojee. Obed alisikiliza jinsi wazee wa Tunliu walivyonena kwa adabu, namna walivyomtanguliza yeye kaka katika kila sentensi, akaona hawa ni watu. Akakubali. Kabla ya mvua za pili Mince alikuwa na mimba.

Kwa watu wa Fatubena, mtoto huzaliwa ndani ya nyumba ya duara, ile ya nyasi iliyoshuka hadi chini, yenye mlango mfupi kiasi kwamba hata mtoto wa shule huinama. Ndani kuna moto usiozimwa, na juu ya moto dari la mahindi. Mama na mtoto hukaa humo katika joto na moshi, wala mtoto havuki mlango mpaka ndugu wa kiume wa mama yake aje kumtoa. Mjomba humbeba, humkanyagisha udongo, humwita jina, humwonyesha jua. Mtoto aliyetolewa bila mjomba huitwa mtoto wa upepo, yaani hana kwao. Obed alikuwa amewatoa watoto wengi wa binamu zake, na kila mara alirudi nyumbani kifua mbele. Wa Mince alimsubiri kama mkulima anavyosubiri wingu.

Habari ilimkuta gulioni Kapan, machenza yake yamepangwa mafungu juu ya gunia. Nehemia Tunliu, kaka yake Simson, aliiacha pikipiki ikiunguruma, akaja na matope mpaka magotini.

"Baba Obed, umekuwa mjomba. Wa kiume."

Wanawake wa gulioni walipiga kelele za furaha. Mmoja akanyakua chenza bila kuuliza.

"Mjomba hauzi leo, anagawa!"

"Chukua, mchumba, ila ganda unirudishie," Obed akasema, na gulio zima likaangua kicheko.

Nehemia hakucheka. "Uje umtoe leo hii. Ana kidonda hapa." Akajigusa tumboni. "Mkunga wa serikali anasema aende hospitali. Anasema sasa hivi."

"Kidonda gani?"

"Mimi sikuingia. Wanawake wanasema tumbo halikufungika."

"Kitovu hicho," Obed akasema. "Kitovu cha Mince mwenyewe kilitoa damu wee, nikakipaka majivu mpaka kikakauka. Hawa wasichana wa serikali wakiona tone la damu wanaita gari."

"Panda basi, twende."

"Nipande hivi? Na suruali ya shamba? Nehemia, kwenu hamkufundishwa? Mjomba haji mikono mitupu kama mwizi wa kuku."

Nehemia aliitazama pikipiki yake iliyokuwa bado inaunguruma. Yeye alikuwa upande wa waoaji, na mwoaji hamharakishi mjomba. Alimpeleka kwanza kwenye tambuu na popoo, akasimama pembeni Obed akichagua majani yasiyo na doa. Alimngoja apatane bei na muuza chokaa ya kutafunia tambuu. Kisha akampakia, akampeleka nyumbani kwake kubadili nguo.

Shuka la kufuma lilikuwa sandukuni, likitoa harufu ya karafuu. Obed alilifunga kiunoni, akalifungua, akalifunga upya kwa sababu upindo haukukaa sawa. Alivaa kilemba. Akatia tambuu kwenye mfuko wake wa shanga. Kilichobaki kilikuwa jogoo mwekundu, maana mtoto wa kiume hutolewa kwa jogoo mwekundu, na jogoo mwekundu wa Obed alipoona mtu wa kilemba anamjia aliruka ua na kutokomea migombani.

Majirani walitoka. Wengine walimzingira jogoo huku, wengine kule, naye akapita katikati ya miguu ya watu wazima.

"Obed, tumia ulimi! Mwambie maneno mawili mawili!"

"Huyo jogoo ni Mtaneo, hataki kuolewa!"

"Mshikeni, nyie, kazi yenu kucheka tu!" Obed alikuwa anatweta, kilemba kimemwangukia sikioni, naye mwenyewe alikuwa anacheka.

Dorkas alisimama mlangoni na kuku jike kwapani. "Chukua huyu tetea, uende."

"Tetea kwa mtoto wa kiume? Unataka Watunliu wanisimulie mpaka nife?"

"Obed." Dorkas alishusha sauti. "Mwangalie huyu shemeji yako usoni."

Hakumwangalia. Jogoo alikuwa amepanda juu ya kibanda cha nguruwe, naye alikuwa akimnyatia kwa nyuma. Walipomkamata hatimaye, jua lilikuwa limeshapita utosini. Obed alipanda pikipiki na jogoo kifuani, mtu mwenye furaha kamili.

Kwa Watunliu hapakuwa na kelele. Wanaume walikuwa wamekaa kwenye ukuta wa mawe, vichwa chini, na pikapu ya kijiji ilikuwa imegeuzwa tayari, mdomo wake ukielekea barabarani. Walipomwona walisimama. Simson alimpokea kwa tambuu kama ipasavyo, bila kumtazama usoni, na Obed akadhani ni heshima. Akatoa tambuu yake. Wakabadilishana. Kisha Obed akasimama mbele ya mlango wa nyumba ya duara na kuanza kunena.

Alinena juu ya maji na chemchemi, mzizi na shina, jiwe na mwamba. Alitaja vizazi vya Taneo, akaja kwa vya Tunliu. Hakuwahi kunena vizuri kama siku ile. Alipokuwa anavuta pumzi aliingie fungu la pili, mlango ukasukumwa kutoka ndani, na msichana akatoka kwa kuinama, macho mekundu kwa moshi. Alikuwa Anas, mkunga wa serikali, mzaliwa wa kisiwa cha Flores, bado hajaolewa, mtu ambaye kijijini alikaribishwa kahawa lakini si shauri.

"Baba," alisema, "nakuomba. Maliza."

Mama Yublina, mama yake Simson, alimvuta kanga kutoka nyuma. "Usimkatishe mjomba, wewe mtoto!"

Obed alikunja uso. Lakini kitu katika sauti ya yule msichana kilimwingia, akaacha fungu la pili na la tatu, akainama, akaingia.

Macho yalipozoea giza alimwona Mince kwanza, amekaa kwenye kitanda cha mianzi kando ya moto, uso umemwiva kwa joto. Kisha akamwona mtoto. Alikuwa mdogo, mdogo kuliko jogoo. Kuanzia kifuani kwenda chini alikuwa ndani ya mfuko wa plastiki ulio wazi kama kioo, na ndani ya mfuko ule, kando ya kitovu, ambapo ngozi ilikuwa na tundu lisilozidi jicho la ng'ombe, matumbo yake yote yalikuwa nje. Hayakufunikwa na kitu. Yalikuwa yamejilundika, mazito, na rangi yake ilikuwa ya zambarau inayokwenda kwenye weusi.

Obed alikuwa bado ameshika jogoo.

"Asubuhi yalikuwa mekundu, kaka," Mince alisema. "Mekundu mazuri. Alilia kwa nguvu."

Alimwachia jogoo humo humo ndani, akapokea mtoto kutoka mikononi mwa Anas, naye Anas akiushikilia mfuko kwa chini kama mtu anayebeba mayai. Walitoka pamoja, wamebanana katika ule mlango mfupi. Obed aliugusisha unyayo mmoja mdogo kwenye udongo. "Filmon," alisema. Lilikuwa jina la baba yake. Hakusema kingine. Wazee walitazamana, maana hapo palistahili maneno mengi. Lakini mjomba alikuwa tayari anakimbilia pikapu.

Mince hakwenda. Mzazi haachi moto, na hata Anas hakuwa na nguvu ya kupigania hilo pia.

Njia ya kushuka mpaka mji wa Soe ni mawe matupu. Obed alikaa mbele na mtoto mapajani. Anas alikaa kando yake akichungulia mfuko, na chupa ya maji ya chumvi yenye uvuguvugu ilikuwa kwapani mwake isipoe. Simson alikuwa nyuma, ameshika chuma cha gari kwa mikono miwili.

"Ulikuja saa ngapi kwake?" Obed aliuliza.

"Ukungu ulikuwa haujaondoka, Baba. Niliitwa kamba ya kitovu ikiwa haijakatwa. Nikamfunika, nikamlaza ubavu wa kulia ili matumbo yasijinyonge pale kwenye tundu. Nikaita gari. Gari lilikuja upesi sana." Aliihamishia chupa kwapa jingine. "Nilimshika nikasimama. Mama Yublina akakaa mlangoni."

"Akakaa?"

"Akakaa chini, mlangoni. Akasema nimkanyage nipite. Akasema mwaka jana waliotoa mtoto bila wewe uliwatoza ng'ombe, na yule mtoto mpaka leo wenzake wanamwita upepo." Anas aliupapasa mfuko. "Hakuwa na ubaya. Alikuwa analia. Alichochea moto, akasema joto litasaidia. Ule moshi na ule ukavu, Baba! Nilikuwa namwaga maji, yanakauka. Kila pikipiki ikilia barabarani tulisema huyo, mjomba huyo."

Obed alitazama mbele. Alikumbuka kila kitu kwa mpangilio: majani ya tambuu, upindo wa shuka, migomba. Kicheko chake mwenyewe alikisikia waziwazi kuliko injini.

"Usimbane," Anas alimwambia kwa upole. "Mlegezee kidogo."

Soe waliwapa gari la wagonjwa na dripu, wakawaambia wasishuke hata kunywa maji, waende hospitali kubwa ya Kupang. Kule daktari wa upasuaji, mwanamke mfupi aliyekuwa akitembea haraka kuliko watu warefu, alimpokea mtoto na kutoweka naye. Simson na Obed walikaa kwenye benchi, mmoja na kilemba chake, watu wakipita wakiwatazama.

Daktari alipotoka aliwaeleza bila kuficha. Sehemu kubwa ya utumbo ilikuwa imekufa. Alikuwa ameikata. Iliyobaki alikuwa ameitia ndani ya mfuko maalumu uliosimamishwa juu ya tumbo, na wangekuwa wakiishusha ndani polepole, siku kwa siku, kwa sababu tumbo lenyewe lilikuwa halijazoea kubeba kitu. Mtoto alikuwa amepoa sana njiani. Alikuwa na uzito mdogo. Damu yake ilionyesha kwamba wadudu wamekwisha kuingia.

"Daktari," Obed aliuliza, "ni nani aliyekosa? Kuna jambo kati ya koo zetu?"

"Hakuna aliyekosa, Baba. Hili hutokea tumboni mapema sana, mama akiwa hata hajajua ana mimba. Tunaliona zaidi kwa mama wadogo, mimba ya kwanza. Mama ana umri gani?"

Simson alitaja. Obed akainamisha kichwa. Aliyemwoza alikuwa yeye.

"Na wanaopona? Wapo?"

"Wapo. Kwenye nchi zenye kila kitu, karibu wote hupona. Hapa kwetu, anayefika mapema, ana joto, matumbo yana unyevu na rangi nzuri, huyo napigana naye nikiwa na matumaini." Daktari alivua kofia yake ya kitambaa. "Anayefika kama huyu, napigana pia."

"Huyu alikuwa mwekundu asubuhi."

Daktari aliikunja ile kofia.

"Ingekuwa asubuhi, Daktari?"

"Baba, nikikwambia ndiyo nitakuwa nimebuni, na nikikwambia hapana nitakuwa nimebuni. Sikumwona asubuhi."

Obed angependa atukanwe. Angependa mtu mmoja, katika jengo lote lile, amwambie neno zito. Kila mtu alimwita Baba. Muuguzi alimletea kiti.

Filmon aliishi siku chache. Alikuwa kwenye sanduku la kioo, na waliruhusiwa kuingiza kidole kimoja. Simson alikigusa kile kiganja chenye vidole vyembamba kama uzi. Obed aliingia mara moja tu, akajaribu kunena, maana mtoto alikuwa hajanenewa yote. Alianza na maji na chemchemi. Lile neno la pili, ambalo siku zote lilikuja lenyewe, halikuja. Akasimama pale mbele ya kioo, mtu mwenye neno moja. Asubuhi iliyofuata, wakati wauguzi wanabadilishana zamu, mtoto aliacha kuvuta hewa.

Walipofikisha mwili kwa Watunliu, Obed alipokewa vizuri, na hilo ndilo lililomvunja. Wazee wa Tunliu walimpa kiti cha mbele. Mama Yublina alimletea mahindi kwa mikono miwili na kumwambia, "Mjomba, ulikuja. Ulikuja kama mjomba. Mtoto amekwenda akiwa na kwao." Alisema kwa moyo wake wote. Kwa kuwa ni mjomba anayetoa idhini ya kufunika jeneza, walimngoja tena, wameshika misumari, mpaka akaitikia kwa kichwa. Nyama ya maziko ilipogawanywa walimpa fungu la mjomba, la shingo na kifua, limefungwa kwa majani. Kuna mzee aliyenong'ona kwamba siku ya kumtoa mtoto alinena maneno ya kukumbukwa.

Anas alisimama mbali, karibu na ua. Obed alimwendea.

"Dada mkunga. Waambie."

"Niwaambie nini, Baba?"

"Wewe unajua."

Alitikisa kichwa. "Mwaka huu nina wajawazito wengine kumi na kitu hapa. Nikiwaambia, watanifungia milango." Akafuta mikono kwenye sketi. "Waambie wewe. Wewe ndiye wanayekusikiliza."

Obed aligeuka, akawatazama wanaume waliokaa kwenye ukuta wa mawe. Walikuwa wakimtazama kwa heshima, wakidhani anataka kunena. Alisimama vile mpaka wakaona aibu kwa niaba yake na kurudia mazungumzo yao.

Kisha akaenda kwenye nyumba ya duara. Mince alikuwa bado kando ya moto, kwa sababu moto wa mzazi haukatizwi hata kama hakuna wa kunyonya. Kifua cha gauni lake kilikuwa kimelowa maziwa. Alimsogezea kaka yake kigoda.

Obed hakukaa. Alimwambia yote, amesimama ameinama chini ya dari: kwamba Nehemia alimwambia "sasa hivi", na kwamba aliisikia ile "sasa hivi". Alimwambia juu ya tambuu na shuka. Alipofika kwenye jogoo, na majirani, na namna alivyokuwa anacheka, hakuruka hata kimoja, mpaka akamaliza. Alingoja amtukane. Alikuwa amemlea, alijua ulimi wake si butu.

Mince alisukuma kuni ndani ya moto.

"Asubuhi ile nilitaka kumchukua nitoke," alisema. "Mama mkwe alikuwa amekwenda kujisaidia. Mlango ulikuwa wazi. Mkunga aliniambia kwa macho, twende. Ningeweza, kaka. Nilikuwa na nguvu."

Obed aliutazama ule mlango mfupi.

"Nikafikiri habari yako. Nikasema huyu alinibeba mgongoni, akachekwa njia nzima. Nimpore na hili?" Akainua uso. Haukuwa na hasira. Ulikuwa uso wa mtu anayeuliza njia. "Niambie kweli. Ningetoka naye bila wewe, akapona, ungesema nini?"

Nje waliangua kicheko kwa jambo fulani, kisha wakanyamaza. Obed Taneo, ambaye kabla ya siku zile hakupata kukosa neno mbele ya watu, alitafuta jibu la kumfariji dada yake, akaliona, lilikuwa karibu na jepesi kulisema. Hakulisema.

"Ningedai ng'ombe," alijibu.

Mince akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyethibitishiwa. Akarudi kuutazama moto.